MOLUSCE Kahama: programu ya bure na mji ambao mgodi wake umefungwa

MOLUSCE ni programu-jalizi inayokaa ndani ya QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani, haina ada wala leseni ya kununua, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kutajwa pale wanafunzi wa mipango miji wanapoulizana watumie nini kukadiria mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Nimeitumia kwa kazi moja mahususi, nayo ni kujaribu kuona ardhi ya Manispaa ya Kahama na viunga vyake itakavyokuwa mwaka 2028 na 2033, iwapo mji utafuata njia moja ya maendeleo au nyingine. Tathmini hii inatokana na kazi hiyo. Atakayetaka kuitumia kwa mji wa kawaida unaokua kidogo kidogo kandokando ya barabara huenda akairidhia zaidi kuliko mimi.

Kahama si mji wa kawaida. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji upande wa Mwendakulima, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021, mwaka uleule ambao mji ulipandishwa hadhi kuwa manispaa. Baada ya mgodi kufungwa, eneo lake lilipangwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, na ukatangazwa mpango wa kujenga hapo kiwanda cha kusafisha nikeli itakayotoka Kabanga, wilayani Ngara. Upande mwingine iko Kagongwa na mashine zake za kukoboa mpunga, iko Isaka yenye bandari kavu na reli, na yako maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kwa bomba kutoka Ihelele. Mji wa namna hii una mambo matano au sita yanayouvuta kwa wakati mmoja, na lile lililokuwa kubwa kuliko yote, yaani mgodi, limenyamaza. Swali la mpanga miji hapa ni kama ardhi itaendelea kubadilika kwa kasi ileile na kuelekea kulekule, au mwendo wote umegeuka.

Niseme kwanza programu inavyofanya kazi. MOLUSCE ilitengenezwa na kampuni ya Asia Air Survey ya Japani kwa kushirikiana na NextGIS, na kwa miaka mingi ilibaki kwenye kizazi cha pili cha QGIS, hata watu wakalazimika kuweka matoleo mawili ya QGIS kwenye kompyuta moja. Sasa inafanya kazi kwenye QGIS 3. Unaipa ramani mbili za matumizi ya ardhi za miaka miwili tofauti pamoja na ramani za vigezo kama umbali kutoka barabarani, mwinuko, mteremko na msongamano wa watu. Inapima kwanza uhusiano kati ya vigezo hivyo, halafu inatoa jedwali la mpito linaloonyesha kila aina ya ardhi ilipoteza kiasi gani na kwa nani. Hatua inayofuata ni kujifunza wapi badiliko lina uwezekano mkubwa wa kutokea, na hapo unachagua njia moja kati ya nne: mtandao wa neva bandia (kanuni ya kompyuta inayojifunza kwa mifano), rigresheni ya lojistiki, uzani wa ushahidi, au tathmini ya vigezo vingi. Mwisho, seli-otomata, yaani kanuni inayobadilisha kila pikseli kwa kuangalia jirani zake, huigiza ramani ya kipindi kijacho, nawe unailinganisha na ramani halisi kama unayo. Hatua zimepangwa kwenye vichupo, moja baada ya nyingine, na mtu anayejua QGIS kwa wastani anaweza kuzipitia zote kwa mchana mmoja. Sijaona programu nyingine ya aina hii iliyo rahisi hivyo kwa anayeanza, na hata baada ya malalamiko yote yanayofuata, sifa hiyo haiondoki.

Kazi yenyewe iko kabla ya kuifungua. Nilichukua picha za setilaiti za Landsat za 2013, 2018 na 2023, kwa sababu MOLUSCE huigiza kwa hatua yenye urefu sawa na pengo la ramani ulizoipa: ukiipa 2013 na 2018, hatua ya kwanza itaangukia 2023, ya pili 2028, ya tatu 2033. Anayetaka kuanzia nyuma zaidi atakutana na picha za Landsat 7 zenye mistari mitupu, ambazo zimekuwa hivyo tangu kifaa chake kimoja kiharibike Mei 2003. Landsat 8 iliyorushwa Februari 2013 ndiyo iliyotuondolea usumbufu huo. Pikseli moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, eneo linalozidi kidogo viwanja viwili vya mita 20 kwa 20 vikijumlishwa. Kwa mtaa uliopimwa hilo linavumilika. Kwa duara la mchimbaji mdogo, yaani shimo lake, lenye turubai, karasha moja ya kusagia mawe na rundo la mawe, halivumiliki, kwa kuwa vyote hivyo huzama ndani ya pikseli moja na kusomeka kama shamba lililolimwa vibaya.

Kinachosumbua zaidi ni majaluba, yaani mashamba ya mpunga yenye kingo za kuzuia maji. Katika picha ya Machi jaluba limejaa maji na linasomeka kama bwawa. Juni ni kijani kama malisho. Agosti ni udongo mtupu unaong'aa karibu sawa na bati. Nilipochanganya picha za miezi tofauti kwa sababu ya mawingu, jedwali la mpito liliniambia kwamba sehemu kubwa ya mabwawa upande wa Kagongwa imegeuka makazi ndani ya miaka mitano, jambo ambalo mkazi yeyote wa huko angelicheka. Ilibidi nirudi nikachague picha za kiangazi pekee kwa miaka yote mitatu, na majaluba nikayachora kwa mkono juu ya picha za setilaiti ya Sentinel-2 zenye pikseli ya mita 10. Ngitili nazo zina shida yake. Hizi ni hifadhi za malisho za Wasukuma, zinazofungwa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi, na zilihuishwa kwa upana katika mkoa wa Shinyanga kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986. Kwa setilaiti, ngitili ni kichaka tu. Kwa mwenye ardhi, ni ardhi yenye kazi, mipaka na sheria zake za kijiji, na modeli inayoiweka kapu moja na pori lisilo na mwenyewe itaitoa kwa makazi bila hata kusita. MOLUSCE haina hatia hapa, maana inasoma kile ulichoichorea, lakini urahisi wake humfanya mtu adhani kwamba akishabonyeza vitufe vyote amemaliza.

Kuna kosa jingine ambalo linanihusu mimi na watu walionipa data. Tabaka la barabara nilipewa na ofisi moja ambayo sitaitaja, bila maelezo yoyote ya mfumo wake wa majira, yaani namba zinazoonyesha kila kitu kiko wapi kwenye ramani. Nikaliweka chini ya mfumo wa UTM kanda ya 36 Kusini kwa kipimo cha WGS 84, sawa na picha zangu, na kila kitu kikaonekana kukaa mahali pake nilipotazama mkoa mzima. Baada ya siku mbili za kuigiza niligundua kuwa mji wangu wa 2023 unajipanga kwenye mstari ulio kama mita 300 kando ya barabara ya lami, katikati ya mashamba, kana kwamba watu wa Kahama wamekubaliana wote kuigeuzia barabara mgongo. Tabaka lilikuwa limechorwa kwa Arc 1960, mfumo ambao ramani zetu nyingi za zamani bado zinautumia. MOLUSCE ina kitufe cha kukagua jiometri, na nilikuwa nimekibonyeza. Lakini kinakagua kama ramani zote zina eneo, ukubwa wa pikseli na mfumo unaofanana, hakijui kama barabara yenyewe ilikuwa imepotoka kabla haijageuzwa kuwa gridi. Anayefanya kazi na data za Tanzania na aanzie hapo, kabla ya jambo lingine lolote.

Baada ya kusahihisha yote hayo nilitumia mtandao wa neva. Programu inakuchorea mistari miwili ya makosa, wa mafunzo na wa uhakiki, inayoshuka kadiri mafunzo yanavyoendelea, na ni vema kuitazama badala ya kwenda kunywa chai, kwa sababu mstari wa uhakiki ukianza kupanda wakati ule wa mafunzo unashuka, modeli imeshaanza kukariri. Kwenye kompyuta yangu ya kumbukumbu ya GB 8, kupanua ujirani, yaani eneo linalotazamwa kuzunguka kila pikseli, kutoka pikseli moja hadi mbili kulifanya kazi ya dakika chache kuwa ya saa nzima, na faida niliyoiona kwa macho ilikuwa ndogo.

Ramani ya 2023 iliyoigizwa ilikuwa nzuri mahali fulani na mbovu mahali pengine, na mahali pabovu ndipo penye somo. Kandokando ya barabara ya lami, na mitaani ambako nyumba zilishaanza kuungana, uigizaji ulifanana vizuri na hali halisi. Kwenye mgodi ulikosea kabisa. Kati ya 2013 na 2018 Buzwagi ilikuwa mgodi wenye shimo na malundo ya mawe-taka, wenzetu wa Geita wangeyaita magwangala, kwa hiyo modeli ilijifunza kwamba ardhi ya mgodi hubaki ya mgodi. Ilipofika 2023, shimo lililoachwa lilikuwa likijaa maji na sehemu nyingine zilikuwa kwenye ukarabati wa kuzirudishia mimea. Badiliko kutoka mgodi kwenda maji halikuwepo kwenye jedwali la 2013–2018, na kisichokuwepo kwenye jedwali hakiwezi kutokea kwenye ramani, hata uigize mara ngapi. Huu si udhaifu wa toleo fulani unaoweza kurekebishwa mwezi ujao. Ndivyo njia yenyewe ilivyojengwa: kiasi cha badiliko huchukuliwa kutoka kwenye jedwali la zamani, na kazi ya mtandao wa neva ni kuchagua pikseli zipi zilipie kiasi hicho.

Kipimo cha kappa, kinachopima jinsi ramani mbili zinavyokubaliana, hakikunisaidia kuliona hilo, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. MOLUSCE hutoa kappa ya jumla, kappa ya mahali na kappa ya kiasi, na zote tatu zilitoka za kupendeza. Lakini chukua mfano wa ramani ya pikseli 100 ambamo 95 hazikubadilika: modeli inayodai kwamba hakuna kitakachobadilika itapatia 95, ingawa haijabashiri lolote. Kappa hujaribu kuondoa bahati, lakini haiondoi sifa hii ya ardhi kukaa ilivyo, na udhaifu wa kappa umeshaandikwa kwa ukali na watafiti Pontius na Millones mwaka 2011. Kwa mji kama Kahama, ambako mashamba na malisho ni mengi kuliko nyumba, swali la maana ni modeli imepatia pikseli ngapi kati ya zile zilizobadilika kweli. Kipimo cha namna hiyo ilinibidi nikitafute mwenyewe kwa kikokotoo cha gridi cha QGIS, na matokeo yake hayakuwa ya kujivunia hata kidogo. Ningependa watengenezaji wakiweke ndani ya kichupo cha uhakiki, kwa sababu asilimia kubwa iliyoandikwa juu ya ramani huaminiwa upesi sana na wasioijua, wakiwemo madiwani.

Sasa nifike kwenye senario, jambo lililonifanya nianze kazi hii. Nilitaka njia tatu. Ya kwanza ni mambo kuendelea kwa mazoea. Ya pili ni ukanda wa Buzwagi kushika kasi, viwanda kuja, wafanyakazi kupanga Mwendakulima na barabara mpya kufunguliwa. Ya tatu ni manispaa kulinda majaluba na ngitili kwa dhati, na kuubana mji ujenge ndani badala ya kutapakaa. MOLUSCE inatoa ya kwanza tu. Zipo njia za panya, kama kuandaa upya ramani ya umbali ili ihesabu barabara ambayo bado haijajengwa, au kukata ngitili kutoka kwenye matokeo baada ya uigizaji, lakini kiasi cha ardhi kitakachogeuka makazi kinabaki kilekile cha zamani. Ukizikata ngitili, nyumba ambazo modeli ilizipanga humo hazihamii kokote, zinatoweka tu. Senario ya aina hiyo ni pambo.

Kwa hiyo nikajaribu data ileile kwenye PLUS, programu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Dunia cha China kilichopo Wuhan, na ambayo makala yake ya msingi ilitoka mwaka 2021. Nayo inapakuliwa bure, ingawa ni ya Windows pekee na sura yake haina ukarimu wa QGIS. Tofauti kubwa ni kwamba inatenganisha maswali mawili ambayo MOLUSCE inayafunga pamoja. Swali la wapi linajibiwa kwa misitu nasibu, njia ya kompyuta inayounganisha majibu ya miti mingi ya uamuzi, ambayo hutazama upanuzi wa kila aina ya ardhi peke yake na kukuonyesha kila kigezo kilichangia kiasi gani. Swali la kiasi gani unalijibu wewe, kwa kuandika idadi ya pikseli za kila aina unazozitarajia. Kisha unaijazia jedwali la sifuri na moja linalosema aina gani inaruhusiwa kugeuka nini, unaipa ramani ya maeneo yasiyoguswa, na ukitaka unaichorea ukanda uliopangwa wa maendeleo ili mbegu za ujenzi zianguke humo hata kama zamani hapakuwa na kitu. Nilipoiruhusu ardhi ya mgodi kugeuka maji na kugeuka eneo la viwanda, kwa kuandika moja mahali palipokuwa na sifuri, Buzwagi ilianza kufanana na Buzwagi.

Haishangazi kwamba programu ya aina hii imetoka China. Mwaka 2013 serikali ya huko ilitoa mpango wa miji inayotegemea rasilimali uliofika hadi 2020, ukaorodhesha miji na maeneo 262 na kuyagawa makundi manne: 31 yanayokua, 141 yaliyokomaa, 67 yanayofifia na 23 yaliyohuishwa. Watafiti wao wana miji ya makaa ya mawe, mafuta na chuma iliyopitia kila hatua, kama Fuxin ambayo mgodi wake wa wazi wa Haizhou ulifungwa mwaka 2005, na wanajua kwa uzoefu kwamba mji wa madini una vipindi. Kwetu Kahama ingeingia kundi gani? Kwa upande wa dhahabu ya Buzwagi unafifia. Kwa upande wa mchele, usafirishaji na biashara unakua. Na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulio jirani bado unachimba. Hata makundi manne hayatoshi.

Pamoja na hayo, PLUS inahamishia mzigo mabegani mwako. Ile idadi ya pikseli unazoandika lazima itoke mahali. Ukitumia mnyororo wa Markov uliomo ndani yake, hesabu inayokadiria kesho kwa kasi ya mabadiliko yaliyopita, umerudi kwenye zamani kwa mlango wa nyuma. Mimi nilikadiria kwa kuchukua ongezeko la watu kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, nikalipunguza au kuliongeza kulingana na senario, kisha nikaligeuza kuwa ardhi kwa eneo la wastani analotumia mkazi mmoja. Ni hesabu inayoweza kupingwa na mtu yeyote mezani, mstari kwa mstari, na nadhani ndiyo faida yake: kwenye MOLUSCE dhana ya namna hiyo imejificha ndani ya jedwali na hakuna anayeigusa.

Kwa ujumla ningeipa MOLUSCE nyota tatu na nusu kati ya tano, na PLUS nyota nne, nikizipima kwa kazi ya mji wa madini peke yake. Mwanafunzi anayetaka kuelewa jedwali la mpito na seli-otomata aanze na MOLUSCE bila wasiwasi, na ofisi ya mipango inayohitaji kuona upesi mji unaelekea upande gani itapata jibu lenye manufaa, ilimradi hapajatokea mvunjiko mkubwa kati ya ramani ya pili na leo. Anayepanga Mirerani, Geita, Kahama au Mwadui, ambako uamuzi wa kufungua au kufunga shimo moja hugeuza mwelekeo wa mji mzima, atahitaji programu inayomruhusu kuandika kiasi mwenyewe.

Nimebakiza zote mbili kwenye kompyuta. MOLUSCE naifungua kwa ajili ya jedwali la mpito, ambalo inalitoa kwa usafi. PLUS naitumia kwa ramani za 2028 na 2033. Ramani ya senario ya ngitili nimeichapa kwa ukubwa wa A1, na chini yake nimeandika kiasi cha ardhi nilichokiweka kwa kila aina, kwa herufi kubwa kuliko za kichwa.